Kabla Sijalipa

Luhende ameitoa prosesa kwenye boksi kama anayetoa yai chini ya kuku mkali,
kaiweka juu ya kitambaa cha miwani, kati ya chaja na daftari la madeni.
Mraba mdogo. Ningeweza kuumeza kwa maji.
"Viini kumi na sita, Milembe.
Kumi na sita! Tabora nzima huikuti."
Na mimi nina laki saba na nusu, bado zimo kwenye bahasha ya harusi ya watu.

Mashine yangu kule Isevya ina viini viwili,
kama ng'ombe wawili wa plau, mmoja anachechemea.
Jumamosi narekodi sherehe,
Jumapili usiku naiambia: haya, pika.
Naamka saa tisa, asilimia kumi na moja.
Nachemsha uji, nafagia uwanja, namkemea jogoo wa jirani,
asilimia kumi na mbili.
Bibi harusi wa Ipuli alipata video yake
mtoto ameshaanza kusimama dede.

Kwa hiyo tamaa naijua. Usinifundishe tamaa.

Lakini nimekulia jirani na stesheni.
Nimeona treni ya Mpanda, ya Mwanza, ya Kigoma,
zote zimefika, zote zimejaa watu na kuku na kelele,
na njia ya kwenda mbele ni moja.
Nauliza: ubao mama wangu utaipokea hii?
Luhende anakuna kidevu.
Nauliza: na pawa saplai ya wati mia tatu?
Anapanga upya chaja zilizokuwa zimepangwa.
Nauliza joto,
maana Oktoba hapa hata kivuli kinatafuta kivuli,
na feni yangu nimeifunga kwa mpira wa baiskeli.
"Utaongeza feni. Ubao utabadilisha. Kidogokidogo."
Kidogokidogo. Bei yake naijua.

Nampigia kaka yangu Kapela, yuko porini Sikonge,
sauti inakuja kama anaongea ndani ya debe.
Namweleza. Ananyamaza. Kisha:
"Mwaka juzi nilitundika mizinga arobaini.
Moshi mmoja, mikono hii miwili.
Nilirina kumi na minane, iliyobaki wakala nyegere.
Hiyo ya kwako inakula nini?"
Umeme, nasema.
Anacheka mpaka salio langu linaisha.

Kupika video kunagawanyika, hilo nalikubali:
kama wanawake kwenye shughuli,
huyu vitunguu, huyu anachambua mchele, yule kakaa na karanga,
na sufuria linaiva mapema.
Ila ipo kazi haigawanyiki.
Mkanda wa mazishi ya Nyanzala,
pale mumewe anaposhika kipaza sauti, anafungua mdomo,
kisha hasemi. Sekunde nne.
Aliniomba nizikate.
Nilikaa nazo hadi adhuhuri, mbele, nyuma, mbele,
na hata ningekuwa na viini mia
vingekaa kando vimekunja mikono,
wakiangaliana kama vijana wasiojua pa kushika jeneza.

"Ya viini nane huna?"
Luhende anaguna kama nimemwomba pipi ya bure.
Droo ya chini. Imetumika,
ina mafuta ya joto yaliyokauka na alama ya kidole cha mtu.
Inaingia kwenye soketi yangu. Laki tatu na themanini.
Inabaki ya feni, inabaki ya betri umeme ukikatika,
na ya kandambili, maana hizi zimefika mwisho.
"Utarudi," anasema, akiifunika ile kubwa.
Labda.

Usiku naiambia: haya, pika.
Asilimia arobaini na uji haujatokota.
Sabini. Jogoo hata hajajikohoza.
Imeisha, na mimi nimekaa na mwiko mkononi,
usiku mzima umebaki, sina wa kumsubiri.

Nikafungua zile sekunde nne.
Sikuwahi kuzikata.